Kabla hujaulizia inchi za bledi, vuta kichwa mpaka mwisho wa reli

Fundi akiingia duka la vifaa Kariakoo kutafuta mashine ya kukata pembe yenye reli, swali la kwanza karibu kila mara ni bledi. Inchi 10 au 12? La pili ni wati. La tatu ni bei, na kuanzia hapo ni mazungumzo ya kupunguziwa tu. Mimi naona maswali yote hayo yanaweza kusubiri. Cha kuangalia kwanza ni reli, maana reli ndizo zinazofanya mashine hii iwe ghali kuliko ile isiyovutika, na reli mbovu zinakuachia mashine inayokata vibaya kuliko ile ya bei ndogo uliyoiacha rafuni.

Sababu yake ni hii. Mashine ya pembe ya kawaida ina kichwa, yaani sehemu yenye mota na bledi, kinachoshuka kwenye bawaba moja. Bawaba ikiwa imekaza, bledi inashuka palepale miaka na miaka. Ukiweka reli ili kichwa kivutwe mbele na kurudishwa nyuma, umepata uwezo wa kukata ubao wa milimita 300, lakini umeongeza beringi, umeongeza urefu, na umeongeza mahali pa kulegea. Nusu digrii ya kukosea kwenye fremu ya mlango yenye upana wa milimita 150 ni milimita 1.3. Nusu digrii hiyohiyo kwenye kanyagio la ngazi la milimita 300 ni milimita 2.6. Kutanisha pembe mbili zenye kosa hilo, unapata uwazi unaozidi milimita 5, na hapo hata uchanganye gundi na unga wa mbao vipi, mteja ataiona.

Kwa hiyo dukani dai boksi lifunguliwe. Mashine ikiwa haijachomekwa umeme, vuta kichwa mpaka mwisho wa reli, kishushe, halafu kisukume kushoto na kulia kwa nguvu ileile ambayo mkono wako huitumia kazini. Usiangalie mpini, angalia jino la bledi la chini kabisa na mfereji wa meza. Jino likihama kiasi cha kuonekana kwa macho, mashine hiyo haitakata nyuzi 90 kwenye ubao mpana, hata kama ina wati 2,000. Kisha rudisha kichwa nyuma polepole, ukisikilizia kwa mkono. Kinatakiwa kiende kwa ulaini mmoja mwanzo mpaka mwisho, bila kukwama katikati.

Ukiifikisha karakana, ipime kwa ubao. Chukua ubao mpana uliopigwa randa mpaka kingo zake mbili ziko sambamba, ukate katikati kwa nyuzi 90. Kipande kimoja kiache kilivyo. Cha pili kigeuze, uso wa chini uje juu, kisha viegemeze vyote viwili kwenye kitu kilichonyooka na uvikutanishe pale ulipokata. Uwazi utakaouona ni mara mbili ya kosa halisi, ndiyo maana nakipenda kipimo hiki kuliko skwea nyingi zinazouzwa mtaani. Uwazi ukiwa kama kabari, legeza bolti za ukuta wa nyuma wa meza, sogeza kidogo, kaza, rudia. Lakini kama mkato wenyewe umepinda, haunyooki kutoka ukingo hadi ukingo, tatizo ni reli au bledi inayoyumba. Badilisha bledi ujaribu tena. Ukibaki umepinda, irudishe wakati risiti bado ni mpya.

Je, kila fundi anaihitaji hii ya reli? Hapana, na hili nalisema nikijua wauzaji hawatalipenda. Mashine isiyovutika ya inchi 10 inaishia kwenye ubao wa upana wa milimita 130 au 140 na ushee. Hiyo inatosha kwa sketingi, kwa urembo wa kuzunguka fremu, kwa mbao za dari. Tatizo ni fremu zetu. Fremu ya mninga ya mbili kwa sita ina milimita 150, na hapo inchi 10 isiyovutika inakwama. Unalazimika kukata, kugeuza ubao, kukata tena, na mikato miwili haikutani vizuri. Wengi hukimbilia ya reli kwa sababu hiyo, ilhali ipo ya inchi 12 isiyovutika inayofika karibu milimita 200 kwa mkato wa nyuzi 90. Fundi wa milango na madirisha angeanza na hiyo. Ina vitu vichache vya kuharibika na fedha inayobaki inanunua bledi mbili nzuri.

Reli ni za yule anayekata fisha bodi za inchi 8 na 10 wiki hadi wiki, kanyagio za ngazi, rafu za makabati, vichwa vya vitanda. Kwa kazi hizo hakuna mbadala wa haraka, na nani anataka kubeba msumeno wa meza kwenda saiti? Hapo nachagua inchi 10 yenye reli imara kabla ya inchi 12 yenye reli za wasiwasi. Bledi ndogo hutetemeka kidogo kuliko kubwa ya unene uleule, kuinoa ni rahisi zaidi kwa bei, na mashine yenyewe inabebeka na mtu mmoja.

Nafasi nayo ihesabiwe. Nyingi za reli zinahitaji uwazi nyuma ya mashine ili mabomba ya reli yarudi, na karakana za Keko au Gikomba hazina uwazi wa kupoteza. Kuna zilizotengenezwa kwa ajili ya kukaa karibu na ukuta: Bosch GCM 12 GDL inatumia mkono wenye viungo badala ya reli, na Makita LS1219L na Festool Kapex zina reli zisizotoka nyuma. Ni ghali. Kama meza yako imebanwa ukutani, ghali hiyo ina maana.

Taa ya leza sishawishiki nayo. Juani haionekani, na ikishasogea inakudanganya bila wewe kujua. Taa inayomulika kutoka juu ya bledi, kama ya DeWalt DWS780, huangusha kivuli cha bledi yenyewe juu ya ubao. Kivuli kinaonesha hasa mahali meno yatakapopita, hata ukibadilisha bledi.

Bledi inayokuja na mashine mara nyingi ni ya kuanzia tu. Kwa mashine ya reli tafuta yenye meno yaliyolala nyuma kidogo, nyuzi hasi, kwa sababu meno yanayoelekea mbele sana hudaka ubao na kukimbiza kichwa. Meno 40 yanafaa fremu, 60 hadi 80 kwa mkato wa kuonekana. Hakikisha tundu la katikati linalingana na shina la mashine: za Ulaya nyingi ni milimita 30, nyingine ni 25.4, na kuilazimisha ni hatari. Na ukikata mvule, jiandae. Ndani ya mvule hukaa mawe ya chokaa yasiyoonekana kwa nje, na jiwe moja linatosha kung'oa ncha ya jino. Bledi nzuri usiitie kwenye mvule usioujua. Tumia ya zamani kwa mkato wa kwanza.

Sasa namna ya kukata, maana naona vijana wengi wanafanya kinyume. Vuta kichwa mbele kikiwa juu, washa, acha ishike kasi, shusha, kisha SUKUMA kwenda nyuma. Ukikata huku unavuta, bledi inapanda juu ya ubao na kukujia. Mbao za msonobari kutoka Mafinga mara nyingi hutufikia zikiwa bado na maji, zikikatwa hujibana na kushika bledi. Weka tumbo la ubao uliopinda liguse ukuta wa nyuma, mkono ukae mbali, na subiri bledi isimame ndipo uinue. Barakoa vaa, hata kama mashine ina mfuko wa vumbi, kwa sababu mashine za reli hukusanya vumbi vibaya sana. Vumbi la mbao liliwekwa kwenye orodha ya visababishi vya saratani na shirika la utafiti wa saratani la WHO mwaka 1995, na wanaokata mninga wanajua pua zinavyowasha jioni.

Uliza pia kaboni za mota, beringi na amecha (sehemu ya mota inayozunguka) zinapatikana wapi. Muuzaji akijibu "tutakuagizia, bosi", fikiria fremu zilizoahidiwa Jumamosi zitasubiri wapi.

Mwisho ni za mitumba. Nyingine ni mashine nzuri kabisa, chuma kinene, reli zilizokaza. Lakini za saiti za Uingereza zenye plagi ya njano ya mviringo ni za volti 110, na za Japani ni za volti 100. Kubadilisha plagi hakubadilishi mota. Ukiichomeka kwenye volti 230 itaungua, na transfoma ya kubeba wati 1,500 ni nzito na ina bei yake. Soma kibati cha taarifa ubavuni mwa mota kabla ya kutoa hela. Kama kimebanduliwa, iache hapohapo dukani.