Mfasiri wa Forodha Tumtafute kwa Mawakala

Mfanyabiashara wa Mtwara hahangaiki kuelewana na mwenzake wa Msumbiji. Mmakonde wa Newala na Mmakonde wa Mueda wanazungumza yakaisha, na Kiswahili nacho kilishavuka Ruvuma zamani. Kazi inaanza bahasha ikifunguliwa: ankara, leseni, barua ya mamlaka ya kodi ya kule, vyote Kireno. Hapo utasikia, "Mwiteni yule kijana aliyesoma Pemba." (Pemba ya Msumbiji, si ya Zanzibar.)

Kwa kupatana bei, kijana huyo ni hodari. Hati za kodi simpi, hata akijitolea bure.

Chukua korosho, maana huku kila hesabu huishia kwenye korosho. Katika orodha ya kimataifa ya bidhaa za forodha, zenye maganda ni 0801.31 na zilizobanguliwa ni 0801.32. Mfasiri akiandika "korosho" tu, afisa atauliza zipi, kwa sababu ushuru wetu wa kuuza nje unatozwa kwenye ghafi, yaani zenye maganda. Anayeijua kazi huanza na namba. Tarakimu sita za mwanzo ni zilezile Mtwara na Maputo. Maneno atayaangalia baadaye.

VAT, ambayo kule huitwa IVA, inaumiza zaidi. Bidhaa yenye msamaha na ile ya kiwango cha sifuri, zote mnunuzi hatozwi kodi. Lakini muuzaji wa kiwango cha sifuri anaweza kudai kodi aliyolipa kwenye manunuzi yake, na mwenye msamaha hawezi. Zote mbili zikifasiriwa "haina kodi", marejesho yameota mbawa.

Kwa hiyo mimi nisingeanza na mjuzi wa Kireno nikiomba Mungu aielewe forodha. Ningemchukua karani wa wakala wa forodha, anayeshinda kwenye mfumo wa TRA akijaza maombi, nimlipie masomo ya Kireno. Ni gharama, sikatai. Ila Daraja la Umoja pale Mtambaswala lipo tangu 2010, na mizigo haisubiri tujipange.

Wakati huo huo, ukiletewa mfasiri, mpe ankara moja ya kujaribu. Asipouliza kama bei iliyoandikwa ni FOB (mzigo hadi upakiwe melini tu) au CIF (pamoja na bima na usafirishaji hadi bandari ya kufikia), mshukuru, mpe nauli, tafuta mwingine.