Kabla ya kuuliza hisa bei gani, uliza utakaa na nani

Asiyeweka akiba huambiwa hana nidhamu. Mwenye mshahara anaambiwa, mama wa genge anaambiwa, na bodaboda ndiye anayeambiwa kuliko wote. Mimi lawama hii naiona haina haki. Mtu huyohuyo aliyeshindwa kutunza shilingi 50,000 kabatini kwa mwezi mmoja, mwingize kwenye kikoba kizuri, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, atamaliza mwaka ana laki tatu na ushee. Kipato ni kilekile na tabia ni zilezile. Walioongezeka ni watu anaokaa nao kila wiki, na jinsi wanavyoitazama pesa. Na mwenye nidhamu zake zote akiingia kikoba kibovu, mwaka hauishi kabla hawajaja kumbebea televisheni kufidia deni.

Tuangalie kinachofanyika kikaoni. Chukua kikundi cha watu 20, hisa moja, yaani kipimo cha kuwekea akiba, ni shilingi 2,000, kila mtu ananunua hisa 1 hadi 5 kwa wiki. Kila mwanachama ana namba. Inaitwa namba 7, anasogea mbele, anaweka pesa mezani, wahesabu fedha wawili wanahesabu na kutaja kwa sauti: hisa tatu. Mhuri unagongwa mara tatu kwenye kitabu chake, nafasi mbili zilizobaki zinapigwa mstari ili asije mtu akazijaza baadaye. Wenzake 19 wamesikia na wameona. Hakuna aliyemlazimisha, lakini aliyezoea kununua tatu akishuka kwenye moja kwa wiki kadhaa mfululizo, jirani yake wa kwenye benchi atamuuliza kulikoni nyumbani. Swali hilo benki haimuulizi mtu.

Mwisho wa kikao fedha inahesabiwa tena, kiasi kinatangazwa, na wanachama wanatakiwa wakikariri. Kikao kijacho, kabla sanduku halijafunguliwa na wale watatu wanaoshika funguo, wanaulizwa: tulifunga na shilingi ngapi? Mtindo huu wa kuweka na kukopa ulianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, shirika la CARE likifanya kazi na wanawake ambao wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo kumbukumbu ya wote ndiyo ikawa daftari. Vikundi vingi vya mjini sasa vimeacha kukariri kwa sababu kila kitu kiko kwenye simu ya katibu. Naona ni kosa kubwa. Kiasi kikijulikana na mtu mmoja, waliobaki wanaacha kufikiri kuhusu pesa yao wenyewe, na hapo ndipo sanduku linapoanza kuliwa.

Kikoba kina kazi nyingine ambayo haisemwi sana, nayo ni kumkinga mtu na watu wake mwenyewe. Pesa iliyo mkononi ina wadai wengi: mchango wa harusi, ada ya mtoto wa dada, shemeji aliyekwama safarini. Kumnyima ndugu ilhali unazo ni jambo zito, na wengi wetu hatuliwezi. Lakini "ziko kwenye kikoba mpaka tuvunje", yaani mpaka siku ya kugawana mwisho wa mzunguko, ni jibu ambalo hata mama mkwe analipokea bila kinyongo. Ndiyo maana mimi simshauri mtu kuweka akiba yake yote kwenye simu, hata kama makato ni madogo. Ya kwenye simu wanajua inatoka saa yoyote.

Kwenye mikopo ndipo kikoba kizuri na kibaya vinapotengana kabisa. Sikiliza maswali yanayoulizwa mtu anapoomba. Tuseme muuza chapati ana akiba ya 200,000, na katiba ya kikundi inaruhusu kukopa mara tatu ya akiba. Anaomba 600,000 kwa miezi mitatu, riba asilimia 5 kwa mwezi. Riba yote ni 90,000, deni 690,000, rejesho 230,000 kila mwezi. Kikundi kimoja kinauliza: mdhamini wako nani? Anasimama shoga yake, anasaini, pesa inatoka, makofi. Kikundi kingine kinauliza: utarejesha kwa pesa ipi? Wanakaa naye wanapiga hesabu. Faida yake ya siku ni 8,000, anafanya kazi siku 26, inakuja 208,000. Haifiki hata rejesho moja, na hapo bado hajala wala hajalipa kodi ya chumba. Wanamshusha hadi 250,000, rejesho linakuwa kama 96,000, analimudu.

Mama ni yuleyule, na chapati ni zilezile. Akiwa kwenye kikundi cha kwanza, rejesho la pili likikaribia, atakwenda kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wenye riba kali, kwa sababu aibu ya kusimama mbele ya wenzake mikono mitupu anaiogopa kuliko riba yoyote. Atalipa kikobani, atapigiwa makofi tena, na hakuna atakayejua pesa imetoka wapi. Mwezi unaofuata ana madeni mawili. Kwa macho ya kikundi ni mwanachama bora, mpaka siku anapohama mtaa usiku.

Hiyo aibu ndiyo nguvu inayoendesha kikoba, na wanaosema iondolewe kabisa sikubaliani nao. Bila macho ya watu hakuna anayenunua hisa wiki ya mvua. Ila iwekewe mipaka kwenye katiba, kwa maandishi. Faini ya kuchelewa iwe ndogo, 500 au 1,000, isizidi bei ya hisa. Mwenye msiba au mgonjwa apewe muda kabla hajaomba, na mfuko wa jamii, ule wa kikundi wa kusaidiana kwenye shida, umshike mkono. Kubeba vyombo vya mtu kusiwepo kabisa. Mkopo ukishindikana, ianze kukatwa akiba yake, kisha mdhamini.

Ukitaka kujiunga, usianzie kwenye gawio. Omba kuhudhuria kikao kimoja kama mgeni, kaa nyuma, angalia mambo machache. Pesa inahesabiwa mbele ya watu, au inapitishwa kwa mweka hazina kwenye bahasha? Kuna mtu anayekopa ili mwingine atumie? Wanachama wanatofautiana vipi kwa kipato? Wawili wakinunua hisa tano kila wiki na wengine moja moja, hao wawili wataamua kila kitu, na maskini wa kikundi atajifunza kunyamaza. Sikiliza pia yanayozungumzwa baada ya kikao. Kama kila wiki ni sare na ukumbi, mikopo yako nayo itaishia huko. Ukiwasikia wanauliziana bei ya viwanja na mifuko ya saruji, baada ya muda na wewe utaanza kuuliza.

Kuwa mwangalifu na vikundi vilivyoundwa kwa ajili ya mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mpango wenyewe ni mzuri. Shida ni watu kukusanywa haraka ili idadi itimie, hawajawahi kuwekeana hata elfu moja, hawajuani hata majumbani, halafu wanadhaminiana kwa mamilioni. Wakae angalau mzunguko mmoja wa akiba kwanza. Na kikundi kisajiliwe. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya Tanzania ya 2018 inaviweka vikundi hivi kwenye daraja la nne, na usajili unapitia halmashauri.

Siku ya kuvunja, hesabu ifanyike hadharani. Hisa 3,000 za 2,000 ni milioni 6. Riba na faini zikileta milioni 1.5, kila hisa inageuka 2,500, na aliyenunua tatu kwa wiki 50 anaondoka na 375,000. Baada ya hapo angalia nani hakurudi mzunguko mpya. Watafute hao, uwaulize kwa nini wametoka, kabla hujaandikisha jina lako.