Familia Ielezwe Kabla Shingo Haijakakamaa

Katika matibabu ya magonjwa ya akili mkoani kwetu Tanga, naona sisi wauguzi tunapuuza zaidi mazungumzo na familia siku mgonjwa anapoanzishiwa dawa. Tunahakiki dozi, tunajaza kadi na kupanga tarehe ya kurudi. Kisha mama aliyemleta kijana wake kutoka Tongoni anaondoka bila kuelezwa jambo linaloweza kutokea nyumbani kabla siku tatu hazijapita.

Dawa kama haloperidoli na klopromazini, ambazo hutumika sana kutibu skizofrenia, hupunguza nguvu ya dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe katika ubongo, na kwa njia hiyo mgonjwa huanza kupumzika na sauti zinazomsumbua na shaka kwamba watu wote wanamfuatilia. Lakini dopamini hiyohiyo inahusika pia na mwendo wa misuli. Kwa hiyo katika siku za mwanzo, hasa kwa vijana wa kiume, shingo inaweza kupinda na kukakamaa, macho yakageuka juu na taya likabana. Inatisha kuitazama, ila inatibika: mgonjwa akirudishwa hospitali haraka na kupewa dawa ya kulegeza misuli, kama benziheksoli, hali hiyo huondoka, na daktari hupunguza dozi au hubadilisha dawa. Tatizo ni kwamba nyumba nyingi za hapa zina tafsiri iliyokwisha kuwa tayari, kwamba jini limekasirishwa na dawa za hospitali. Vidonge hutupwa, kijana hupelekwa kupungwa, na tunapomwona tena huwa imepita miezi, pengine akiwa amefungwa kamba mikononi.

Siwezi kumlaumu mzazi huyo, kwa kuwa alitumia elimu aliyokuwa nayo, nasi hatukumpa nyingine. Dakika kumi za maelezo, kwa Kiswahili cha kawaida na bila kumharakisha, zingemwezesha kusema, "Hii ndiyo hali niliyoambiwa na nesi," kisha akapanda bodaboda kuja hospitali.

Kwa mgonjwa wa sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, ugumu ni wa namna nyingine. Amitriptilini, mojawapo ya dawa za sonona, humpa ukavu wa mdomo na usingizi mzito tangu siku za kwanza, ilhali nafuu ya moyo huchukua wiki mbili hadi nne kuonekana, na asiyeelezwa hivyo ataacha dawa wiki ya kwanza akiamini kwamba haimfai. Aidha, dawa hii ikimezwa kwa wingi hudhuru moyo na inaweza kuua. Hivyo mgonjwa mwenye mawazo ya kujiua apewe vidonge vya siku chache tu, na ndugu yake ndiye avitunze. Muuguzi amwulize waziwazi kama anafikiria kujiua, kwani kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, bali humpa nafasi ya kulitua. Hapa sheria yetu inatukwamisha. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na familia, kwa kuogopa polisi, inaweza kutuambia kwamba mtu alikunywa sumu kwa bahati mbaya. Ningependa kifungu hicho kifutwe, maana ukweli unaofichwa kwetu ndio tunaouhitaji ili kumtibu.

Mgonjwa wa bipola, ambaye hisia zake hupanda na kushuka kupita kiasi, akitumia dawa ya lithiamu anahitaji vipimo vya damu na maji ya kutosha, na kwa joto la Tanga neno hilo la maji ni la kurudiwa kila anapokuja. Akianza kutapika, kuharisha au kutetemeka sana, asingoje tarehe ya kliniki.

Kuhusu waganga na mashehe, sioni faida ya kushindana nao. Mgonjwa anayesomewa au kunywa kombe anaweza kuendelea na vidonge vyake, mradi asipigwe, asifungwe na asikatazwe dawa. Mwezi wa Ramadhani, kwa dawa nyingi, muuguzi na daktari wanaweza kupanga upya saa za kumeza, futari na daku, ikiwa wataulizwa mapema. Anayetumia lithiamu ashauriane na daktari kabla hajaanza kufunga.

Mkoa huu si mgeni katika kazi hii. Hospitali ya Lutindi, katika milima ya Usambara, ilianzishwa mwaka 1896 kuwahifadhi watoto waliokombolewa utumwani, na tangu mwaka 1904 imekuwa ikipokea wagonjwa wa akili. Lakini mtu wa Pangani hawezi kupanda mlima kila mwezi kufuata sindano ya flufenazini, dawa ya skizofrenia, wala haifai atumie nauli hadi Bombo, hospitali ya mkoa mjini Tanga, kwa jambo ambalo muuguzi wa zahanati, akifundishwa na kuletewa dawa, analiweza.

Ninachopendekeza kinaweza kuanza kesho. Kadi ya kila anayeanzishiwa dawa hizi iandikwe kwa Kiswahili mambo matatu: dalili zinazoweza kutokea wiki ya kwanza, ipi kati ya hizo inamtaka arudi siku hiyohiyo, na namba ya simu ya wodi. Kabla mama hajaondoka, muuguzi amwombe ayaeleze mambo hayo kwa maneno yake mwenyewe, na akikwama, waketi waanze upya.