Lita Mbili za Maji na Kidole Kimoja

Chupa ya maji ya lita mbili, kamba, na bunduki tupu iliyosimamishwa mtutu juu: hiyo ndiyo mizani yangu ya kupimia uzito wa kifyatulio, kile kipande unachokivuta kwa kidole ili bunduki ilie. Unaifunga chupa kwenye kifyatulio, unamimina maji polepole kwa kikombe mpaka usikie "ta!", kisha unatazama maji yamefika wapi. Lita moja ni kilo moja. Bunduki yangu, CZ ya Kicheki ya risasi ndogo za .22, vile ilivyotoka kiwandani, ilikunywa karibu lita mbili ndipo ikakubali.

Uzito ule ningeuvumilia. Kilichonikera ni mkwaruzo. Unavuta, kinasogea kidogo, kinakwama, kinasogea tena, na wewe huku pumzi zinakuishia na jasho la Bamburi linakutiririka machoni. Ukifika mwisho, bunduki yote imeshapinda na shabaha ya mita 50 imekukimbia.

Basi nikaagiza kifyatulio cha ng'ambo kupitia kwa muuzaji mwenye leseni. Bei sitaitaja, mke wangu husoma humu. Fundi, mzee wa makamo ya marehemu baba, alikifunga na kukiweka kwenye kilo moja. Jumamosi ya kwanza nilicheka peke yangu: hakisogei, hakikwaruzi, kinakatika kama kachiri. Risasi tano zilizokuwa zikihitaji finjani ya kahawa kuzifunika, sasa zilifunikwa na kizibo cha soda. Ingawa nikisema kweli, nusu ya hayo ni kwamba nilikuwa nimelipa pesa nyingi, kwa hiyo nikaanza kutulia.

Tamaa ikaniingia. Nikarudi kwa fundi.

"Ami, nipunguzie kidogo."

"Mwanangu, mimi naishia hapo. Ukitaka chini zaidi, tafuta mkono mwingine."

Mkono mwingine ulikuwa wangu, na bisibisi ndogo, usiku, mezani kwangu. Gramu 300. Nilijiona bingwa.

Ndani ya kifyatulio kuna vipande viwili vya chuma vilivyoshikana kwa ukingo mwembamba mno, na ukingo huo ndio unaoizuia pini isiruke. Ukilegeza skrubu kupita kiasi, unabakisha mshiko wa jina tu. Ongeza hapo hewa yetu ya chumvi, na mafuta niliyoyamwaga kwa ukarimu yakaganda na vumbi kama asali ya zamani. Jumamosi moja nilisukuma boliti, lile komeo la kuingiza risasi, kwa haraka, kidole kiko nje kabisa, na bunduki ikalia. Risasi iliingia kwenye tuta la mchanga kwa sababu mtutu ulikuwa umeelekea kunakotakiwa. Msimamizi hakupiga kelele. "Toa risasi, shehe. Fungasha." Nilifungasha. Njia nzima mpaka Nyali sikuwasha redio.

Wala si mafundi wa mezani tu wanaoponzwa. Aprili 2014 Remington, watengenezaji bunduki wa Marekani, waliita zirudi bunduki zao za Model 700 na Model Seven zenye kifyatulio cha X-Mark Pro, zilizotengenezwa tangu Mei 2006, kwa kuwa gundi iliyozidi kiwandani ingeweza kuifanya bunduki ilie bila kuvutwa. Gundi tu! Tangu hapo nikisikia mtu anasifia gramu, namuuliza anakisafishaje.

Wenzangu wa shabaha watanijibu kwamba kwenye bunduki ya mita 50 sheria za ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo wa shabaha, hazina kima cha chini cha uzito wa kifyatulio. Sawa, lakini hizohizo, kwa bunduki sanifu ya mita 300, zinadai gramu 1500, na watu wanapiga vizuri tu.

Ya uwindaji sina uzoefu nayo. Kenya uliisha 1977, sisi tuliobaki tunatoboa karatasi. Ila nina mjomba Tanga anayewinda kwa kibali, na Mauser yake ya .375 hajaigusa kifyatulio. Nilimpelekea sifa za hiki changu, akanisikiliza mpaka mwisho, adabu yake ile. Kisha akasema, "Mjomba, mbele ya mbogo kidole hakina adabu. Kikiwa chepesi, kitafyatua kabla yako." Kwake kilo mbili ni sawasawa, na sina la kumbishia.

Changu nilikirudisha kwa fundi, nikakiri. Hakuniambia lolote, aliitia skrubu rangi ya kucha ili ijulikane ikiguswa. Kiko kilo moja. Kila mwezi nakiosha kwa mafuta ya laita, nakiacha kikauke, natia tone moja la mafuta kwa ncha ya sindano, basi. Pesa zilizobaki nanunulia risasi.

Kadi ya Jumamosi iliyopita nimeibandika mlangoni mwa kabati. Nne ziko katikati. Ya tano iko chini kulia, palepale zilipokuwa zikienda enzi za lita mbili.