Pointi tatu za mpira kwenye ubao wa sataranji

Hapa Lubumbashi hakuna anayehitaji kufafanuliwa kwamba katika mpira ushindi ni pointi tatu na sare ni moja. Wapenzi wa timu zetu, Mazembe na Lupopo, hupiga hesabu hiyo msimu mzima. Ndiyo maana pendekezo la kuiingiza kwenye mashindano yetu ya sataranji ya Jumamosi, badala ya pointi moja kwa ushindi na nusu kwa sare, limepata wafuasi upesi.

Na wana hoja. Mwaka 1962, kwenye mashindano ya kisiwa cha Curaçao, mabingwa watatu wa sataranji wa Kisovieti, Petrosian, Keres na Geller, walikutana wao kwa wao mara 12, na zote 12 zikaisha sare, nyingi baada ya hatua chache tu. Walipumzika huku wenzao wakitoka jasho. Hata kwetu raundi ya mwisho ina tabia hiyo: wawili wanaoongoza wanasogeza askari wachache, wanatazamana, wanapeana mikono, kisha wanaenda kunywa soda. Aliyelipa kiingilio akitumaini kuwafikia anabaki mdomo wazi.

Lakini tazameni mashindano ya Biel, Uswisi, mwaka 2012, walipotumia pointi tatu. Wang Hao wa China alishinda michezo sita, akatoa sare moja, akafungwa mitatu: pointi 19. Carlsen wa Norway alishinda minne, akatoa sare sita, hakufungwa na mtu: pointi 18. Kombe likaenda kwa Wang Hao. Kwa hesabu ya zamani Carlsen angekuwa na 7 na mwenzake 6½. Na katika ile mitatu aliyofungwa Wang Hao, miwili alifungwa na Carlsen huyohuyo! Mtetezi wa pointi tatu atasema ndivyo inavyotakiwa, anayethubutu alipwe. Mimi naona mtu aliyezawadiwa kwa sababu vipigo vyake havikumgharimu sana.

Kuna ubaya mwingine usiosemwa sana. Kwa hesabu ya zamani kila mchezo hugawa pointi moja, uishe vyovyote. Kwa hesabu ya mpira, sare hugawa mbili na ushindi hugawa tatu. Marafiki wawili wanaokutana mara mbili wakiachiana ushindi mmoja mmoja, kila mmoja anapata tatu. Wakitoa sare zote mbili, wanapata mbili tu. Tumewafukuza wavivu, tumewakaribisha walaghai. Sare ya kupangwa angalau watu huishuku. Malkia aliyeachwa aliwe "kwa bahati mbaya" nani atathibitisha?

Mashindano ya Norway Chess yalipita njia nyingine: mchezo mrefu ukiisha sare, unachezwa mfupi ambao mwenye vipande vyeupe ana muda zaidi, na sare inahesabiwa ushindi wa mweusi. Inafurahisha kutazama, ila saa zetu ni za kuazima na jioni giza linatukuta tungali kwenye raundi ya tano.

Mimi ningechukua ile kanuni ya mashindano ya Sofia, Bulgaria, ya 2005, ya kuwazuia wachezaji kukubaliana sare wenyewe. Ina tundu lake, kwani wanaotaka watarudia hali ileile ya ubao mara tatu na kudai sare kihalali. Kukataza sare kabla ya hatua 30 nako kungedai mtu wa kuhesabu, na michezo yetu ya dakika 15 haiandikwi. Kwa hiyo nusu pointi ibaki, kupeana mikono mapema kukatazwe, na anayeona hakuna tena cha kucheza amwite mwamuzi aje aangalie ubao.