Kikwazo cha umeme wa jua ni bei ya mtaji

Kwa muda mrefu, aliyeulizwa kwa nini umeme wa jua hauenei alijibu kuwa ni ghali. Jibu hilo lilikuwa sahihi zamani, lakini kati ya mwaka 2010 na 2020 bei ya paneli ilishuka kwa takriban asilimia 90, na bado uwekezaji umerundikana katika nchi chache. Shirika la Kimataifa la Nishati lilieleza mwaka 2022 kuwa Afrika ina asilimia 60 ya maeneo yanayofaa zaidi duniani kwa umeme wa jua, ilhali ina asilimia 1 tu ya mitambo iliyofungwa. Kwa maoni yangu, kikwazo kimehama kutoka kwenye paneli kwenda kwenye bei ya mtaji, yaani gharama ya kupata fedha za kujengea mtambo.

Jenereta ya dizeli hununuliwa kwa fedha kidogo, kisha mwenyewe hulipia mafuta kadiri anavyoitumia. Mtambo wa jua au wa upepo hudai karibu gharama yote kabla ya uniti ya kwanza kuuzwa, na mwekezaji husubiri miaka mingi, pengine 20, ili fedha zirudi. Ndiyo maana miradi miwili yenye paneli zilezile, chini ya jua lilelile, huweza kuuza umeme kwa bei zinazopishana sana, kwa sababu tu mmoja umekopa kwa riba ya asilimia 4 na mwingine kwa asilimia 12. Tena mkopo mara nyingi huwa wa dola, wakati wateja hulipa kwa sarafu ya nchi yao. Sarafu ikishuka thamani, deni huvimba bila mtu kukopa zaidi.

Hata hivyo, si haki kuwalaumu wakopeshaji kwa woga unaowafanya wadai riba kubwa. Hispania iliwavutia wawekezaji kwa bei nono ya kununulia umeme wa jua, kisha ikapunguza malipo hata kwa mitambo iliyokwisha kujengwa, na kesi nyingi za usuluhishi wa kimataifa zikafuata. Nchini Kenya, mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, wenye uwezo wa megawati 310, ulikamilika mwaka 2017, lakini ulisubiri hadi mwaka uliofuata kuunganishwa na gridi kwa kuwa njia ya kusafirisha umeme ilikuwa haijakamilika.

Wapo wanaosema tatizo la msingi ni jua lenyewe, linalozama wakati matumizi ya jioni yanapopanda. Hoja hiyo ina uzito. Betri zinaitatua kwa sehemu, na bei yake imeshuka sana, ila nazo hulipiwa mwanzoni, hivyo riba hurudi mlangoni.

Linalopendekezwa zaidi ni serikali kudhamini mikataba ya muda mrefu ya kununua umeme. Dhamana hushusha riba, lakini huifunga nchi kwenye bei ya leo hata teknolojia ikizidi kuwa nafuu, na shirika la umeme likishindwa kulipa, mzigo huangukia walipa kodi. Kwa nchi ambayo tayari ina madeni mazito, ningependelea uwezo wake wa kudhamini uelekezwe kwanza kwenye njia za kusafirisha umeme, kwa sababu njia moja huweza kuhudumia miradi mingi, ilhali dhamana ya mkataba mmoja humlinda mwekezaji mmoja.