Kivuli cha Kibokoni

Gemu ya kompyuta ya Skyrim ilitoka mwaka 2011, na kompyuta yetu hapa Kibokoni, Mombasa, karibu ni rika lake. Kwa hivyo nyuso za watu ndani ya gemu zilipoingia michirizi myeusi, hakuna aliyeshtuka. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, anayejua kila kitu chenye waya, aliweka chini sahani yake ya mahamri na mbaazi, akajipangusa mikono, akaketi.

Tatizo lenyewe si la ajabu. Gemu huutazama kwanza ulimwengu wake kutoka upande wa jua, ikaandika umbali wa kila kitu, ndipo inapoamua nani yuko kivulini. Mbinu hiyo aliieleza mtaalamu wa picha za kompyuta, Lance Williams, mwaka 1978, mamangu hajaolewa bado. Ramani hiyo ya umbali ikiwa ndogo, pua ya mtu hujitilia kivuli yenyewe. Tukafungua faili la mipangilio ya gemu, SkyrimPrefs.ini; iShadowMapResolution, yaani ukubwa wa ramani hiyo, tukaiweka 4096, na fShadowDistance, umbali wa vivuli kufika, tukaipunguza, maana kutandaza vivuli mpaka milimani ni kama kupikia wali wa harusi kwa nazi moja. Nyuso zikatakata.

Kikabaki kimoja. Juu ya theluji, upande wa kushoto, doa jeusi dogo kama ufuta. Nalo linatembea.

"Hiyo kawaida," binamu akasema. "Vivuli vya gemu hii huruka."

Hapo hakusema uongo. Jua la Skyrim likisogea, vivuli havifuati polepole. Hukaa, halafu vyote vikaruka pamoja. Akaenda kwenye faili jingine akaibadilisha fSunShadowUpdateTime, inayopanga vivuli vilifuate jua vipi. Doa likasimama, likafikiri, likarudi lilikotoka.

"Jua gani hilo larudi mashariki?" nikamuuliza.

"Basi ni draiva, ile programu ya kuendesha kadi ya picha."

Draiva zikafutwa, zikapakuliwa upya kwa bando langu, mchana wa joto la Mombasa na feni ya dari inazunguka kwa kusukumwa na huruma ya Mungu. Doa likaendelea na safari. Tukafunga gemu kabisa. Doa likapita juu ya pipa la taka la Windows, wala halikubisha hodi. Binamu akatikisa kichwa mithili ya daktari anayetoka chumba cha upasuaji: kadi imeungua, tuanze kuchanga ya kununua nyingine.

Dada yangu mdogo alikuwa kitandani na hesabu zake za shule. Hata kichwa hakuinua.

"Si mupige picha ya skrini, mujitumie kwa simu?"

Tukapiga. Kwenye simu theluji ilikuwa nyeupe pe, doa halimo. Sasa picha hiyo hutoka kwa kompyuta, haipitii monita. Kadi ingekuwa mbovu, doa lingeonekana. Nikamulika skrini kwa tochi, nikasogeza jicho hadi kope zikagusa. Doa lina miguu sita.

Sisimizi. Ameingia kati ya kioo na taa ya nyuma, anajitembelea zake. Wenzake walikuwa wamepiga foleni chini ya monita, wakibeba chembe za mahamri. Sote tukamtazama binamu. Binamu akatazama dari.

Dawa yake ni subira: usimguse, zima skrini, weka mwanga pembeni, huenda akatoka mwenyewe. Tukazima, tukawasha tochi, tukakaa gizani kimya. Nyanya akaingia.

"Mwafanya nini kizani? Mwaagua?"

Tukamweleza. Akataka aonyeshwe, na Nyanya hakataliwi. Tukawasha. Kumbe yule mdudu muda wote ule alikuwa anaelekea katikati.

"Huyu? Vijana wazima na ndevu zenu, mwahangaishwa na sisimizi?"

"Nyanya, usi..."

Kidole gumba kilishatua.

Amekufa pale pale, katikati ya skrini barabara, na hatoki mpaka monita ifunguliwe. Nyanya akajipangusa kidole kwenye leso, akaenda kuswali. Binamu alikaa muda mrefu bila neno. Kisha akawasha gemu, akachukua upinde, akamweka marehemu juu ya kichwa cha mbwamwitu aliyekuwa mbali, akaachia mshale. Mbwamwitu chali.

Habari ya kuchanga imekufa. Alama ya kulengea ya gemu yenyewe ameizima. Eti inamziba sisimizi.